Fimbo na Ushauri Visikae Chumba Kimoja

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa jijini Dodoma mbele ya walimu wa malezi na maofisa elimu.)



Mmenipa jambo dogo la kuzungumza, nami nimelipokea kwa furaha, kwa kuwa mambo madogo ndiyo yanayosahaulika katika mipango yetu mikubwa. Mmeniomba niseme juu ya chumba cha unasihi katika shule zetu: kiweje, kikae wapi, na kiwe na nini ndani, ili mwanafunzi mwenye dhiki akiingia apate kutulia kabla hajaulizwa lolote. Nadharia za saikolojia nitaziacha. Wamo humu waliozisoma kuliko mimi. Nitasema juu ya mlango, dirisha, kiti na mtungi wa maji. Na nitasema pia juu ya fimbo, maana kwa maoni yangu fimbo ndiyo inayoharibu kazi yote hiyo.

Kwanza tukumbuke kwamba kumtuliza kijana si elimu tuliyoletewa na wageni. Kabla ya shule, jamii za uwanda huu wa kati, Wagogo, Warangi, Wanyaturu, Wasandawe na wengineo, zilikuwa na watu wao wa kusikiliza. Mtoto hakupeleka kila jambo kwa baba yake. Yalikuwapo ya kumwambia bibi, na yalikuwapo ya kumwambia aliyemfunda. Tena mazungumzo hayo yalikuwa na mahali pake: nyuma ya nyumba wakati wa jioni, njiani kutoka kisimani, au machungani wakati ng'ombe wamejilaza kivulini. Hapana aliyemsimamisha mtoto mbele ya hadhara akamwambia, "Haya, eleza shida yako." Wazee walijua kwamba maneno mazito hayatoki kinywani mahali popote tu.

Shule ilimtoa mtoto kwa bibi yake ikampeleka bwenini, au katika chumba cha kupanga karibu na sekondari ya kata, mbali na kwao. Serikali iliuona upungufu huo. Huduma ya ushauri ilianza kuingizwa rasmi katika shule zetu katika miaka ya 1980; mwaka 2002 ukatoka waraka wa elimu juu ya huduma hiyo kwa shule za sekondari na vyuo vya ualimu; na mwaka 2020 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ikatoa mwongozo wa kitaifa wa malezi, unasihi na ulinzi wa mtoto. Kwa hiyo hatuna upungufu wa karatasi. Lakini katika muda huo huo shule zimeongezeka mno. Tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, kata nyingi zimepata sekondari zao. Na tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa. Chumba kikipatikana, kwanza ni darasa, halafu maabara, halafu stoo. Mnasihi hubaki na pembe ya meza katika ofisi ya mtu mwingine.

Na ofisi hiyo mara nyingi huwa ya nani? Huwa ya mwalimu wa nidhamu. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Tumfikirie msichana wa kidato cha pili ambaye kwa siku tatu amekuwa akijikaza kwenda kumwona mwalimu wa malezi. Siku ya nne anakwenda. Nje ya mlango anawakuta wenzake wanne wamepiga magoti kwa kuchelewa. Anapita katikati yao, nao wanamtazama. Ndani, ukutani, imebandikwa orodha ya watoro. Pembeni, nyuma ya kabati, zimeegemezwa fimbo tatu. Mwalimu aliye mezani ndiye aliyemchapa rafiki yake wiki iliyopita. Sasa mwalimu huyo huyo anasema kwa sauti ya upole, "Karibu, mwanangu, kaa, wala usiogope." Nina hakika mwalimu anasema kweli na moyo wake ni mwema. Lakini chumba kimekwisha kusema kabla yake. Msichana anasema anaumwa kichwa, anapewa ruhusa ya kwenda zahanati, na jambo lililomleta anaondoka nalo.

Lilikuwa jambo gani? Yawezekana likizo ya Desemba inakaribia, na amesikia nyumbani wanajiandaa kumkeketa, ingawa sheria imekataza jambo hilo kwa wasichana wa umri wake tangu mwaka 1998. Yawezekana kuna mtu mzima anayemfuata njiani, na mtu huyo anaheshimika kijijini. Yawezekana ni mmoja wa waliorudi masomoni baada ya kujifungua, kama Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unavyoruhusu, na kicheko cha darasani kimemshinda. Au pengine ni njaa tu, na aibu ya kuisema. Hatutajua, na shule itaandika katika taarifa yake ya robo mwaka kwamba mwanafunzi fulani aliacha masomo kwa utoro.

Sikusimama hapa kujadili iwapo viboko viondolewe au vibaki. Huo ni mjadala mwingine nao una wakati wake. Nasema tu kwamba hata kanuni zetu zenyewe zinakitazama kiboko kama jambo zito lenye mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko kutoka sita vya kanuni za mwaka 1979 hadi visivyozidi vinne. Zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Hazikuagiza popote kwamba fimbo ikae alipo mshauri. Hayo tumejizoesha sisi wenyewe, kwa sababu ya uhaba wa vyumba na kwa sababu ya fikra kwamba kumrekebisha mtoto na kumsikiliza ni kazi moja. Kazi hizo ni mbili, na mwanafunzi anazijua kuwa ni mbili hata kama sisi tumezichanganya.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wakuu wa shule halihitaji hata shilingi moja. Mwalimu wa malezi asishike fimbo. Shule yenye walimu wachache sana, nazo zipo huko Bahi, Chemba na Manyoni, yaweza kulazimika kumpa mwalimu mmoja kazi nyingi. Basi kazi ya nidhamu apewe mwingine, hata akiwa makamu mkuu wa shule mwenyewe. Na fimbo zihamishwe. Mwanafunzi akiona zimehama, habari hiyo itafika mabwenini kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Dodoma kuliko watu wa mikoa mingine. Hapa kwetu ipo Hospitali ya Mirembe, iliyojengwa na serikali ya kikoloni ya Kiingereza katika miaka ya 1920, ambayo imewatibu wagonjwa wa akili kutoka pande zote za nchi. Ni hospitali yenye sifa na kazi kubwa. Lakini jina lake tumeligeuza kuwa tusi. Kijana akikasirika, wenzake humwambia, "Wewe, wa kupelekwa Mirembe." Sasa mwanafunzi wa Dodoma akionekana anaingia katika chumba kilichoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa "USHAURI NASAHA", yuko hatua moja tu kutoka kwenye tusi hilo. Nikiwa nimefika hapo niseme jambo la pembeni: kwa Kiganda neno mirembe maana yake ni amani. Ingefaa walimu wa Kiswahili walitaje hilo darasani, pengine litapunguza makali ya mzaha huo.

Dawa yake ni kukifanya chumba kisijulikane kwa shida peke yake. Kiwe pia mahali pa kuazima kitabu cha hadithi, pa kuuliza habari za vyuo na kazi, pa kujaziwa fomu ya kujiunga na kidato cha tano. Mwanafunzi hodari aingie, kiranja mkuu aingie, mcheza mpira aingie. Anayeingia na donda lake atapotea katikati yao, wala hakuna atakayejua nani alikwenda kwa fomu na nani alikwenda kwa machozi. Kibao cha mlangoni chatosha kikiandikwa "Malezi".

Sasa nije kwenye chumba chenyewe, na kwanza nieleze kwa nini utulivu ni sehemu ya kazi, kwa sababu wako wanaouona kuwa ni pambo. Mtu mwenye hofu moyo humwenda mbio, pumzi humjia fupi fupi, viganja hutoka jasho, na mambo aliyoyajua jana hayakumbuki. Mwili wake umejiandaa kukimbia au kupigana. Ukimuuliza maswali katika hali hiyo, atakujibu kile anachodhani unataka kusikia, kisha utaandika uongo katika faili kwa mwandiko mzuri. Dakika kumi za kukaa kimya, kunywa maji, na kuvuta pumzi polepole kisha kuitoa polepole zaidi kuliko ilivyovutwa, humrudisha mwili wake katika hali ambayo maneno yanaweza kutoka. Chumba kizuri ni kile kinachomsaidia mwalimu kuzipata dakika hizo kumi.

Kikae wapi? Kisikae ubavuni mwa ofisi ya mkuu wa shule wala mkabala na chumba cha walimu, ambako kila anayepita huchungulia. Mlango usielekee uwanja wa mstarini. Upande wa bustani au wa maktaba ni bora zaidi. Kuta za vyumba vingi vya shule hazifiki darini, na sauti ya chumba hiki husikika chumba cha pili kama redio; basi kabla ya kukitenga chumba, mwalimu mmoja akae ndani aseme kwa sauti ya kawaida, na mwingine akae chumba jirani asikilize. Jaribio hilo huchukua dakika mbili na limewahi kuokoa aibu nyingi.

Halafu lipo jua letu. Mnafahamu jinsi Dodoma inavyokuwa mwezi Oktoba na Novemba, kabla ya mvua: bati linawaka, upepo unabeba vumbi, na misumari ya paa inalia. Hapana mtu atakayetulia chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana. Hapa nataka kuitetea nyumba ya tembe. Kampeni za nyumba bora za miaka iliyopita zilituzoesha kuitazama tembe kama alama ya umaskini, na zilikuwa na sababu zake. Lakini aliyebuni kuta nene za udongo na paa bapa la udongo juu ya miti aliijua nchi hii: mvua ni chache na huja katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, jua ni kali, upepo ni mwingi. Ndani ya tembe mchana kuna ubaridi, na asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, kuna joto. Muhimu zaidi kwa shughuli yetu, kuna ukimya. Sioni kwa nini shule yenye eneo kubwa isijenge chumba kimoja kidogo cha kuta nene za matofali ya udongo, kwa mikono ya wanafunzi na wazazi, na kukipaka chokaa. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zetu zimejenga mabanda ya kuku na ya ng'ombe. Na ninyi wahandisi wa halmashauri mliomo humu, ramani zenu za madarasa ziongeze chumba hicho tangu mwanzo, kwa maana kukitafuta baada ya jengo kwisha ni taabu.

Ambapo bati halina budi kubaki, dari ya mikeka huzuia joto kwa kiasi. Miarobaini miwili upande wa magharibi itatia kivuli baada ya miaka michache, nayo haidai maji mengi. Mzabibu nao hustawi Dodoma, na kichanja chake mbele ya mlango kinatoa kivuli ambacho mtu anaweza kukaa chini yake bila kuonekana kuwa anasubiri kitu.

Ndani vitu viwe vichache. Meza kubwa iondolewe katikati, au isukumwe ukutani. Meza ni ukuta mwingine kati ya mwalimu na mwanafunzi, na ni chombo cha mahakama. Viti viwili vya urefu sawa vikae mshazari, ili mtoto aweza kumtazama mwalimu akitaka na kutazama dirishani asipotaka. Kwa desturi zetu mtoto mwenye adabu hamkazii mkubwa macho, na kumlazimisha atazame usoni ni kumwongezea mzigo. Mkao wake uwe ule wa kuuona mlango, maana aliyewahi kudhuriwa hapendi kuupa mlango kisogo. Mkeka uwepo pia, kwa watoto wa shule ya msingi hasa. Wengi wao hutulia upesi wakikaa chini kuliko juu ya kiti ambacho miguu haifiki sakafuni. Dirisha liwe na pazia jepesi, hata la kanga iliyochakaa. Mtungi wa maji na kikombe safi visikose. Kumpa mtu maji ya kunywa ni ukaribisho unaoeleweka katika kila nyumba ya uwanda huu, na mtoto anayekunywa maji hawezi wakati huo huo kuendelea kupumua kwa kuhema.

Wengine huuliza kama kuna haja ya vitu vya kuchezea mikononi. Ipo. Mikono inayotetemeka inatafuta kazi. Wape karatasi na penseli, udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga. Na kwetu tunayo marimba ya Kigogo, ile ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka mbele ya wasikilizaji wa nchi nyingi. Ikipigwa taratibu na mtu asiyeijua, bado hutoa sauti ya kupoza moyo. Ningependa kuiona moja katika kila chumba cha unasihi cha mkoa huu kuliko picha za maua ya plastiki.

Lakini ndugu zangu, chumba chaweza kuwa na mkeka, maji na marimba, na bado kiwe mtego, iwapo maneno yanayosemwa humo yanasikika jioni katika chumba cha walimu. Mwanafunzi mmoja akisalitiwa, shule nzima imefungiwa mlango kwa miaka. Kabati liwe na kufuli, na faili zisiandikwe majina juu ya jalada. Hata hivyo mwalimu asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mmoja wetu kutoa taarifa pale mtoto anapodhulumiwa. Kwa hiyo mwanzoni kabisa, kabla ya swali la kwanza, mwalimu amwambie mwanafunzi kwa lugha rahisi: "Utakayonieleza yatabaki kwangu. Lakini nikiona maisha yako yamo hatarini, nitamweleza anayeweza kukulinda, na nitakujulisha wewe kwanza." Wako wanaodhani maneno hayo yatamfunga mtoto mdomo. Mimi naona kinyume chake, mtoto hutulia akijua mipaka ilipo. Na namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, ibandikwe nyuma ya mlango, mahali anapoisoma aliyemo ndani peke yake.

Najua lipo pingamizi ambalo baadhi yenu mmelishika mkononi. Kwamba haya ni kuwadekeza vijana. Kwamba sisi tulisoma tukiwa tumekaa juu ya mawe, hatukuwa na chumba wala mkeka, na tumefika hapa tulipo. Ni kweli tumefika. Lakini tuliofika ndio tunaozungumza. Wale waliokaa nasi juu ya mawe hayo wakaishia njiani hawamo ukumbini humu kutoa ushahidi wao. Tena kumtuliza mtoto si kumwondolea wajibu. Aliyekosa ataadhibiwa kwa taratibu zilizopo, na baada ya hapo bado atahitaji mtu wa kumuuliza kwa nini.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo nalijibu kwa mfano kutoka kwa jirani zetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alitaka kuwasaidia watu wa Mbare, kitongoji cha Harare, naye hakuwa na chumba wala wauguzi wa kutosha. Alianza na akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya, akawafundisha kusikiliza, akawaweka nje ya zahanati juu ya benchi la mbao. Matokeo ya utafiti juu ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2016, yakaonyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi na bibi. Na katika vijiji vyetu vyote viwili vipo. Shule isiyo na chumba iweke benchi chini ya mwarobaini, mbali na njia, na kukubaliana na wanafunzi wote kwamba mtu akionekana pale hasogelewi. Siku moja kwa wiki mama mmoja wa kijijini anayeaminiwa, aliyechunguzwa na kamati ya shule na kuelekezwa na mwalimu wa malezi, aweza kukaa hapo kuwasikiliza wale wasiothubutu kumwambia mwalimu.

Limebaki suala la ufunguo. Katika shule nyingi chumba cha malezi hufunguliwa vizuri mwezi Januari, halafu kufikia Mei au Juni, wazazi wanapoleta mahindi ya chakula cha wanafunzi baada ya mavuno, chumba hicho ndicho cha kwanza kutafutwa. Magunia yakishaingia hayatoki mpaka yaliwe. Sina ugomvi na mahindi. Mtoto mwenye njaa hatulizwi kwa mkeka. Ninachoomba ni kwamba ufunguo ukae kwa mwalimu wa malezi, na saa za kufunguliwa zibandikwe katika mbao za matangazo pamoja na ratiba ya vipindi. Gunia la kwanza likilazimika kuingia, benchi litoke siku hiyo hiyo kwenda chini ya mti, na wanafunzi waambiwe kabla ya kutawanyika mstarini kwamba mwalimu wao sasa anapatikana huko.